Mtungi wa Rangi na Picha ya Evodi

Evodi,

Nina hasira na wewe, na nitasema hivyo hivyo. Mtu gani anaanzisha kazi ngumu kama hii halafu anakufa, ananiachia mtungi unaovuja?

Ule mtungi wa presha tuliopulizia magari rangi hapa Kibeta haujarudi kwenye rangi. Bomba la kunyonyea ulilikata mwenyewe, tundu la kutolea rangi ukaliziba kwa boliti, ukasema, "Humu tutagandisha picha za marehemu ndani ya resini, ile gundi inayoganda kama kioo. Presha itaminya viputo vyote, kaburi litakuwa na sura ya mtu." Wazo zuri. Hukuniambia kwamba wa kwanza utakuwa wewe.

Mama yako alinikabidhi picha yako, ile ya shati la mistari. Ndiyo pekee aliyobaki nayo. Nyingine zililoa paa lilipovuja. Akasema, "Deo mwanangu, usije ukaiharibu."

Nikajaribu kwanza kwa picha za magazeti. Unajua resini ikishatiwa hadina, ile dawa ya kuigandisha, haimngoji mtu. Inataka presha mpaka igande, na kwa kuwa mtungi unavuja, kompresa lazima iendelee kunguruma. Ingurume wapi, bwana? Nikiiwasha tu, kilio kinasikika kwa jirani. Na msiba ukiwa jirani hakuna jembe shambani, hakuna nyundo, sembuse kompresa. Nazima, navaa shati, nakwenda kuzika. Nikirudi viputo vimevimba, sura ya mtu imejaa madoa kama ana tetekuwanga. Haki ya Mungu, kuna siku nilimkasirikia marehemu kwa kufa siku ya kazi. Nimechoka, Evodi. Huu ugonjwa uliokuondoa na wewe unatuzikisha mpaka mikono haipati nafasi ya kitu kingine.

Na wewe ulishikilia kwamba mfuniko ndio unaovuja. Nikakata gasketi ya mpira wa tairi la lori, nikakaza, geji ya presha ikashuka. Nikakata nyingine. Ikashuka. Juzi nikapaka povu la sabuni mtungi mzima, likafoka palepale kwenye boliti yako. Boliti yako, si mfuniko! Ungekuwepo ningekucheka mpaka jioni. Badala yake nililia, sabuni ikiwa mikononi.

Fundi wa kulehemu akaliziba lile tundu moja kwa moja. Geji ikasimama. Basi nikalaza picha yako, nikamimina resini, nikafunga, nikajaza upepo. Haukupita muda, vilio tena: mke wa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikazima kompresa, nikaenda kuchimba kaburi kibanjani kwao, kwenye migomba. Mwili ulikuwa kule, roho ilikuwa kwenye geji. Kama upepo ungetoka, ningemwambia nini mama yako?

Niliporudi mshale ulikuwa palepale. Nikaachia upepo polepole, nikafungua. Hakuna kiputo hata kimoja! Ulikuwa unaniangalia kwa yale macho yako ya kubisha. Nikaruka kama mwehu, halafu nikakumbuka msiba wa watu, nikanyamaza.

Nikaipeleka Nyanga kwa mama yako, kwa baiskeli, na saruji nyuma ya kuisimikia kaburini. Mama yako akaipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba usoni pako. Akapitisha tena.

"Mbona hivi?" akaniuliza. "Nilikuwa namshika shavu."

Kazi yote ile, na sasa mama hakufikii. Nikasema basi nikaisimike kaburini kama ulivyotaka. Akaifunga kwenye kanga yake, akaikumbatia.

"Nje kuna baridi," akasema. "Mwache kwanza apate joto."

Nimekwenda mara mbili tena kuiomba. Ananipa kahawa, hanipi picha. Kwa hiyo kaburini kwako kuna jina tu, nimeliandika kwa msumari kwenye saruji mbichi, na limepinda kidogo.

Lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi hivi: mama akiiachia, nitaisimika siku hiyo hiyo. Asipoiachia maisha yake yote, nitamzika nayo kifuani, na wewe utabaki na jina lako lililopinda. Safari hii usinibishie.

Rafiki yako,
Deo