Majibu ya umubirizi

Kasulu, Jumatano

Kuna swali nililoliogopa njia nzima ya kwenda kambi ya Mtabila. Mama Yozefina, mkimbizi aliyenichumia majani ya umubirizi, mti mchungu wa dawa, kwa utafiti wangu, alisikiliza majibu ya maabara: maji ya majani hayo yamefifisha rangi ya zambarau ya kupimia, kwa hiyo yana kemikali zinazozuia chembe za mwili kuharibika.

"Basi mume wangu atapona?"

Tangu macho ya mumewe yawe ya manjano, anamnywesha maji ya majani hayo tu.

"Nimepima majani, mama. Yeye sijampima. Aende hospitali."

Akanionyesha mlango wa nyumba. "Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Nikaingia ndani, nikamwambia. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba viatu vyake.

Amelazwa. Daktari bado hajasema lolote.