Benki Ilipouliza Mshahara Wangu

Kwa Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Kabla ya mengine, niambie hali ya kifua cha Mama. Dada Kinya alinieleza kwenye simu kwamba baridi ya mwezi huu imemrudishia kikohozi, kisha mtandao ukakatika, na tangu Jumapili ninatembea na kikohozi hicho kichwani. Na wewe, mguu umekuachilia? Ile miparachichi uliyopanda chini ya kahawa imeshika? Mimi huku Kanada ni mzima, ninakula na ninalala. Ule unene mliouona kwenye picha ulikuwa jaketi tu, maana picha yenyewe ilipigwa wakati wa theluji. Sasa hivi ni joto kama la Isiolo.

Ningepiga simu, lakini wewe ukipigiwa huweka sauti ya juu, unaiegemeza simu kwenye sufuria, na kila anayepita kununua maziwa anaingia kunisalimia. Habari hii inahusu mshahara, haifai kufika kwa majirani. Ndiyo maana nimeiandika, na dada yake Muriungi anayesafiri wiki hii kwenda kwao Maua ataipitisha hapo Kanyakine. Muriungi ni yule niliyewaambia ninakaa naye chumba kimoja. Kazini pia tuko pamoja, kwenye nyumba za vioo. Kazi ni kama ile niliyofanya Timau, isipokuwa Timau nilikata maua na hapa ninachuma nyanya.

Unajua nilivyomwahidi Kinya kwamba wakwe wa Embu wakija na mahari, nitakuwa nimekaa kando yako. Tikiti ya ndege niliiona mapema, bei nafuu, nayo bei hiyo ingekaa hadi Ijumaa jioni. Baada ya hapo ingepanda hadi nisiifikie. Huku tikiti hununuliwa kwa kadi ya mkopo. Kadi hiyo, Baba, ni kama mwenye duka anayekupa sukari leo akijua utalipa mwisho wa mwezi, tofauti ni kwamba huyu hajawahi kuuona uso wako. Mimi hulipa yote kila mwezi, sibakishi kitu.

Basi Jumatatu, kama nilivyoandika kwenye shajara yangu, nilitoka kazini nikakuta ujumbe: kadi yako imesimamishwa mpaka uthibitishe mapato yako. Nilitaka kubonyeza palepale. Muriungi akaninyang'anya simu.

"Usiguse hapo! Hao ni wakora. Piga ile nambari iliyo nyuma ya kadi yenyewe."

Nikapiga. Hawakuwa wakora, ilikuwa benki kweli. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya taratibu.

"Bwana Mwenda, hiki ulichoandika hapa ndicho unachopata kwa mwaka?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na kila mwezi unalipa kadi yote. Na kodi ya nyumba unalipa. Na pesa unatuma Kenya."

"Ndiyo."

"Sasa unakula nini?"

"Nyanya," nikamwambia.

Akacheka, lakini hakuifungua kadi. Alisema hesabu hiyo haiwezekani, na mtu akitumia zaidi ya anachopata, benki inaogopa kwamba kuna pesa za mtu mwingine zinapitia kwake. Nitume karatasi za mshahara, wazisome, ndipo waamue kama kadi itafunguliwa au itafungwa kabisa.

Nilipokata simu Muriungi alikuwa ananitazama. "Kwani uliandika ngapi?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya mshahara."

Baba, sikuwa ninadanganya kwa kutaka kitu. Siku ile ninajaza maombi ya kadi, nilifika kwenye swali la mapato, na mkono wangu ukafanya ulichonifundisha. Mtu asiyekujua akikuuliza una mbuzi wangapi, unasema ni wachache tu. Hata mimi nilipokuwa mdogo nikiwahesabu kwa sauti zizini, ulikuwa ukinirushia kofia. Nilimweleza Muriungi hata juu ya yule daktari wa mifugo, aliyekuuliza idadi ili alete dawa ya chanjo, ukamwambia ni wachache, akaleta ya wachache, na wewe ukapanda baiskeli kumfuata hadi Nkubu ukimwomba arudi na nyingine.

Muriungi alicheka hadi akakaa sakafuni. "Ndugu yangu, umeficha mbuzi mpaka Kanada!"

"Kwani wewe kwenye maombi yako uliandika ngapi?"

"Mimi niliongeza. Kila mtu huongeza."

"Na hawakukuuliza?"

"Waliniuliza. Unadhani ni kwa nini sina kadi?"

Karatasi zangu zote ziko kwenye faili, kila mwezi mahali pake, kwa hiyo nilizituma usiku uleule. Kisha kimya. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Nilipiga tena, nikaambiwa ningoje. Kinya naye akaniandikia kwamba baba mdogo Kirimi ameshapeleka koti lake kwa fundi, tayari kukaa mahali pangu kama sitaweza kuja. Mwisho akaongeza, "Usijali kaka, nitaelewa." Neno hilo la mwisho liliniuma kuliko kama angenitukana. Ningemlaumu nani? Kazini nilijaza kreti za nyanya mbichi pamoja na zilizoiva, msimamizi akanirudisha kuzichambua moja moja.

Ijumaa wakati wa chakula cha mchana simu ikalia. Nilikuwa nimekaa na Muriungi nje, nyuma ya stoo. Alikuwa yule mama.

"Bwana Mwenda, karatasi zako zinaonyesha karibu mara mbili ya ulichotuandikia. Nimefanya kazi hii muda mrefu. Watu hujiongezea. Wewe ni wa kwanza ninayemwona akijipunguzia. Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu ya Kiingereza, yote yakanitoroka. Nikasema tu, "Kwetu mtu hatangazi alicho nacho mbele ya mgeni."

"Na mimi ni mgeni?"

"Sijawahi kukuona, mama."

Nilidhani nimemkosea, na tikiti imekwenda. Kisha akasema, "Bibi yangu alikufa hatujui alikuwa na kuku wangapi." Sikujua nicheke au nimpe pole. "Lakini mimi siwezi kufungua kadi kwa kusema ni wachache," akaendelea. "Nahitaji uniambie kiasi kamili, kwa mdomo wako, tukirekodi."

Nikamgeukia Muriungi, nikamwomba asogee kando kidogo.

"Mimi?" akasema, mkate ukiwa mdomoni. "Mwenda, sisi tunalipwa sawa!"

Hata hivyo alisogea. Nami nikageukia ukuta, nikautaja mshahara wangu wote, kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Yule mama akanishukuru. Nilimsikia akiandika, kisha akasema kadi iko wazi. Sikumaliza chakula. Nilinunua tikiti palepale nimesimama, na Muriungi akiniamuru nisome jina langu tena kabla ya kulipa.

Kwa hiyo Baba, ninakuja. Sikulaumu kwa mafunzo yako, na mbele ya watu nitaendelea kuyafuata. Ila benki nimeiweka upande wa daktari wa mifugo: hiyo inaambiwa yote.

Mpe baba mdogo Kirimi shukrani zangu, umwambie koti lile alivae vilevile, atatuongoza kwa maombi. Msalimie mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, na mama wa jirani anayewakamulia ng'ombe siku mguu ukikusumbua. Mama asiende sokoni kwa ajili yangu, mukimo wa nyumbani unanitosha, na asitoke kwenye baridi kunipokea. Kinya umwambie tu hivi: kaka amesema asielewe chochote, anakuja.

Msisumbuke kuja uwanja wa ndege. Nitapanda gari usiku hadi Nkubu, nami nitakuwa mlangoni kabla hamjawasha moto. Ninaomba jambo moja tu. Kinya anasema mmeleta mbwa mpya tangu nilipoondoka, na kwamba ni mkali kweli. Usiku huo mfungeni, maana hanijui.

Mwanao anayewapenda,
Mwenda