Njia Nyeupe za Nandondwe

Chiungutwa, Masasi
4 Mei 2023

Kwa mwanangu Faidha, Mama Nasibu,

Assalaam aleikum. Naamini barua hii inakukuta umeamka salama, Baba Nasibu hajambo, na cherehani haikosi kazi. Mimi ni mzima, ila nyonga inanisumbua nikiinuka, na masikio ndiyo yamefunga kabisa. Usinipigie simu, mwanangu. Nasikia mvumo tu, kama nyuki. Na ujumbe wa simu herufi zake ni kama chawa. Niandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, umpe Awadhi wa basi la Masasi. Itanifikia.

Juzi alipita Selestini, yule niliyekua naye Nandondwe kabla hatujahamishwa kwenda kijiji kipya. Anasema kijiji kimetoa Nandondwe yote ijengwe sekondari, na trekta litaingia kiangazi hiki kusafisha pori. Shule ni jambo jema, sikatai. Watoto wa upande ule wa Mnyambe wanatembea mno. Lakini mama yangu amelala mle.

Nilikuwa mdogo alipofariki. Wanaume walibeba jeneza, sisi wanawake na watoto tukabaki uani. Niliona migongo yao ikipotea kwenye mihogo, basi. Mwaka uliofuata tukahamishwa. Selestini anasema makaburi yalikuwa mashariki ya nyumba, mimi nasema magharibi. Tumebishana, yeye akinipigia kelele sikioni, mpaka chai ikapoa. Na nyumba zenyewe hakuna anayejua zilikuwa wapi, kote ni pori na mikorosho iliyotelekezwa.

Wewe uko Newala, uko karibu. Nenda ukaulize. Sitaki kuzuia shule. Nataka nijue alipo, basi.

Mama yako,
Adija


Newala
19 Mei 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, Nasibu alikuwa na mafua lakini sasa anakimbizana na kuku wa jirani. Pole na nyonga. Ile dawa ya kuchua nimempa Awadhi pamoja na barua hii, usiigawe kwa majirani.

Nilikwenda kijijini. Mtendaji wa kijiji anaitwa Cecil, mtu wa makamo, mpole. Nilijiandaa kugombana, hata sikupata nafasi. Alinipa kiti, akafungua muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, akasema, "Soma, mama. Huu ni wa wananchi, si wangu." Nikasoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Ni kweli Nandondwe imetolewa kwa sekondari, na watu walinyoosha mikono. Hakuna aliyetaja makaburi. Waliokuwepo wengi ni vijana, Mama. Hawajui kama pale palikuwa na watu.

Nikamuuliza kama ana karatasi yoyote ya zamani. Akasema kijiji chake kiliandikishwa baada ya ninyi kuhamishwa, kwa hiyo kwenye kabati lake Nandondwe ni jina tu. Akaniambia nijaribu halmashauri, nimwandikie Mkurugenzi.

Nimeogopa, Mama. Bomani mimi huenda nikiitwa tu. Baba Nasibu naye ananicheka, anasema tangu lini serikali ikamfungulia fundi cherehani makabati yake?

Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Faidha


Chiungutwa
27 Mei 2023

Mama Nasibu,

Marahaba, mwanangu. Dawa nimeipata. Nimempa Mwanakombo kidogo, goti lake lilikuwa baya zaidi.

Mwambie Baba Nasibu acheke akishamaliza kula. Wewe andika. Walituandika wakati wa kutuhamisha, nakumbuka bwana mmoja mwenye suruali fupi akipita mlango kwa mlango anauliza majina. Kama walijua kutuandika, basi wanajua walikoweka.

Sema kwamba unatafuta kijiji cha Nandondwe kabla ya kuhamishwa, nyumba za watu na makaburi yao. Sema nyumba ya babu yako Haji ilizungukwa na uzio wa minyaa, nyuma yake shamba la njugu mawe, na kulikuwa na kiwanja tulichochezea ngoma. Usisahau kusema kwamba bibi yako aliitwa Kibibi. Najua hawana haja ya jina lake. Liandike tu.

Mama yako,
Adija


Newala
21 Julai 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Hatuumwi, nilikuwa sina cha kukuambia na sikutaka kukuandikia mikono mitupu.

Barua niliipeleka mwanzoni mwa Juni. Cecil alinifundisha niandike nakala mbili, niweke jina langu, ninapoishi na ninachokitafuta, niambatishe kivuli cha kitambulisho. Masjala ni chumba kidogo tu, Mama, kimejaa majalada mpaka dirishani. Dada wa pale akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili, ya kwao akaiweka, ya kwangu akanirudishia. Nilitoka nayo nje nikasimama kivulini nikautazama ule muhuri wa bluu, na tarehe, na neno IMEPOKELEWA. Na jina la Bibi chini yake. Sijui kwa nini machozi yalinitoka. Nafikiri ni mara ya kwanza jina lake kupokelewa mahali.

Niliporudi kuulizia, nikapelekwa ofisi ya ardhi. Nikakutana na mpima anaitwa Agatha. Aliniambia ipo sheria kwamba mwananchi akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi ina mwezi mmoja wa kumjibu, hata kama jibu ni kwamba haipo. "Kwa hiyo usinyenyekee sana," akasema, "wewe si mgeni hapa." Majibu yakaja kwa barua ndani ya mwezi huo, imeandikwa Ndugu Faidha. Ramani ya Nandondwe ya wakati ule hawana. Lakini Agatha akaongeza kwa mdomo kwamba kuna makasha ya zamani stoo, yalitoka kwa watu wa mradi wa maji, ndani yake kuna picha zilizopigwa na ndege. Hajui kama Nandondwe imo. Akitoka kupima mashamba huko vijijini atayafungua.

Tatizo ni kwamba wiki hii nimepita kule, nimeona miti imepakwa rangi nyekundu. Cecil anasema ndiyo ya kung'olewa. Trekta linasubiri watu wamalize kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho yao.

Omba dua, Mama.

Mwanao,
Faidha


Newala
9 Agosti 2023

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, nisamehe. Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Imo.

Agatha alinipigia asubuhi, nikaacha nguo ya watu kwenye cherehani. Mezani alikuwa ameweka picha mbili nyeusi na nyeupe, zinafanana kabisa, moja imepigwa mara tu baada ya nyingine, na juu yake kitu kama miwani yenye miguu. Picha kwa macho ya kawaida ni madoa tu. Nikamwambia, "Dada, hapa mimi sioni kitu." Akasema, "Inama, angalia kwenye vioo, usiharakishe."

Nikainama. Kwanza niliona madoa mawili mawili. Halafu, sijui nikuelezeje, yakaingiana, na nchi ikainuka. Miti ikasimama, Mama. Mteremko wa kushuka bondeni ukawa mteremko kweli, nikashika meza nisidondoke. Nyumba zikanyanyuka na mapaa yake, kila moja na kivuli chake pembeni. Nilikuwa kama ndege juu ya Nandondwe, na Nandondwe ilikuwa na watu.

Kwenye picha ile njia zote ni nyeupe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema udongo wa huku ni mchanga, watu wakipita kila siku majani hayaoti, mchanga unang'aa, na ndege inauona. Ni miguu, Mama! Miguu yenu imechora ile nchi mpaka ikaonekana kutoka mbinguni. Mmoja wa waliochora ni wewe, ukitumwa moto kwa jirani.

Nikaiona nyumba yenye duara jeusi la uzio, moja tu, na nyuma yake shamba lililopigwa matuta. Nikamwambia Agatha, hii ni ya babu yangu. Kutoka uani inatoka njia nyembamba, inapita mihogoni, inafika kwenye kichaka kidogo cha mviringo na hapo inaishia. Haiendi popote pengine. Agatha akasema, "Njia inayoishia kichakani, watu walikuwa wanakwenda pale pale."

Makaburi ni magharibi, Mama. Mwambie Selestini.

Pembeni ya picha pameandikwa Julai 1966. Kesho Agatha anakwenda na Cecil na kile kifaa cha kupimia, waone kama mahali penyewe pataonekana chini. Nakuandikia kabla sijajua, maana siwezi kulala na hili peke yangu.

Mwanao,
Faidha


Chiungutwa
12 Agosti 2023

Faidha mwanangu,

Marahaba. Nimesoma, nikasoma tena, nikamwita Mwanakombo nikamsomea kwa sauti, hata sijui nilipiga kelele kiasi gani, watu walitoka nje.

Umeandika Julai 1966. Uliangalia vizuri? Mwanangu, mama yangu alifariki sitini na nane.

Na ile ndege naikumbuka. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kwa sababu nilidhani ni ndoto ya utotoni. Ilikuwa asubuhi, tunapepeta mbaazi. Ikaja ndege, haikuwa inapita tu, ilikwenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kama mtu anayelima matuta. Wakati ule ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na watu wetu wakisikia ndege walikimbia. Wengine wote waliingia vichakani. Mimi nilisimama katikati ya uwanja nimeinua kichwa. Ilikuwa inang'aa. Mama akaja mbio akanishika mkono, lakini badala ya kunivuta, naye akainua kichwa. Tukasimama. Akasema kwa Kimakonde, tazama ilivyo nzuri. Ndipo akanivuta ndani.

Sijui kama ni ndege ile ile. Nani atajua? Lakini Faidha, kama ndiyo, basi ilitupiga picha.

Nakuja. Nyonga haitanizuia. Mwambie huyo Agatha asirudishe zile picha kwenye kasha.

Mama


Newala
28 Agosti 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Tunakusubiri, kitanda chako kiko tayari, na Nasibu amekuchagulia kuku.

Makaburi wameyapata. Ndani ya kichaka, chini ya majani, kuna mashimo marefu yaliyobonyea, yamelala sambamba, yote yameelekea kibla. Cecil alivua kofia. Alisema amepita pale miaka yote kukata nguzo za banda lake.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Agatha alileta nakala kubwa ya picha, ikapita mkono kwa mkono. Wazee walikuwa wanaweka vidole kwenye mapaa, huyu anasema hapa kwetu, yule anasema hapa kwa mjomba wangu. Mzee mmoja aliketi chini mchangani na picha mapajani, watu wakamwacha. Vijana ndio waliosema kwanza: shule isogezwe upande wa barabara, makaburi yazungushiwe uzio. Mikono ikanyooshwa. Na safari hii nilihakikisha imeandikwa kwenye muhtasari. Niliusoma kabla ya kuondoka.

Baba Nasibu alikuwepo. Jioni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anaweza kuomba pia taarifa za mpaka wa shamba la marehemu baba yake. Nikamwambia, nakala mbili, na usisahau muhuri.

Mwanao,
Faidha


Chiungutwa
30 Septemba 2023

Mwanangu Faidha,

Assalaam aleikum. Nimefika nyumbani salama, kuku wa Nasibu amefika salama pia, nimeshindwa kumchinja. Selestini ameomba radhi, lakini anasema hiyo picha huenda waliigeuza.

Kuna jambo sikuweza kulisema mbele ya watu, ndiyo maana nakuandikia.

Pale makaburini nilidhani nitalia, sikulia. Sikujua ni lipi la mama. Niliwasomea dua wote, nikaona inatosha, wote walikuwa majirani zake. Upepo ulikuwa mzuri. Nilitulia.

Ilikuwa kesho yake, ofisini kwa Agatha. Nilipoinama kwenye vile vioo sikuona kitu, nikataka kusema macho yangu mabovu. Agatha akasogeza picha kidogo kwa ukucha, na ardhi ikainuka kama ulivyosema. Nikaiona nyumba yetu. Nikauona uwanja. Nilinyoosha kidole, kikagonga kioo, ukanishika bega ukidhani nimeishiwa nguvu. Sikuishiwa nguvu. Nilikuwa natafuta kivuli uwanjani, kivuli kidogo tu cha watu wawili. Agatha ameniandikia kwenye karatasi kwamba mtu haonekani kutoka juu vile, ni mdogo mno. Nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha nimeelewa. Kisha nikainama tena.

Kwa maana hata kama haonekani, yumo. Umri wangu wote nimekuwa namtafuta mama yangu mahali alipozikwa. Sikujua kwamba serikali ilikuwa imemweka mahali fulani akiwa hai. Mle ni asubuhi, Faidha. Hajaugua. Mbaazi ziko kwenye ungo, hatujahamishwa popote, ndege inang'aa, na yeye ameinua kichwa anaitazama, mkono wake umeushika wangu.

Mama yako,
Adija, mtoto wa Kibibi