Upinde Nyuma ya Kiti cha Trekta

Bitale,
Kigoma.
Jumapili, 9 Juni 1996

Mpendwa Baba Mdogo Thobias,

Shikamoo. Natumaini huko Morogoro hamjambo wote, na kwamba mgongo uliokusumbua tangu Pasaka umepata nafuu. Mama mdogo je, na mapacha? Nasikia wameanza shule na wanagombania dawati moja. Sisi hapa tunapumua. Presha ya mama inapanda na kushuka, baba anakula kidogo sana. Mimi mwili hauna neno.

Mvua zimekatika. Maharage tumevuna nusu tu, mengine yalioza shambani kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuyang'oa. Kaburi la kaka Leodgar tumelizungushia mawe, saruji bado.

Barua yako ilifika Ijumaa, na kama kawaida mimi ndiye niliyemsomea baba. Unasema utakuja Jumatatu ya tarehe 24 kutoa ushahidi mahakamani: kwamba trekta lilipopakiwa kwenye behewa, upinde wa chuma ulikuwepo nyuma ya kiti, uliukaza wewe mwenyewe, na kwamba mkimbizi aliyeufungua hana budi kufungwa. Baba aliitikia "mm" tu. Nikaikunja barua nikaenda kukaa jikoni.

Baba Mdogo, Selestini hakuufungua.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nne kwenye karatasi nyingine nikazichana. Ile barua ya mwezi uliopita iliyosema ni yeye, maneno ni ya baba lakini mwandiko ni wangu. Unanijua, hata darasani mwalimu akiita jina langu, mpaka aite mara ya pili ndipo niitikie. Kwenye karatasi huwa najitahidi. Basi nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unakumbuka ulipotutumia vile vijitabu viwili vya Kiingereza, kimoja cha trekta kubwa na kimoja cha dogo, ukasema tuchague. Baba alilitaka kubwa. Alisema hata wapita njia wa barabara ya Kasulu wangeliona. Selestini ndiye aliyesema twende kwanza tukauulize msitu. Kwao Burundi alikuwa dereva kwenye shamba la chai kabla ya vita, na baba ndiye aliyemwombea kibali cha kutoka kambini aje kwetu kufanya kazi. Alichukua kamba ya katani, akapima nafasi kati ya mistari ya misindano aliyoipanda babu, akapiga fundo. Nami nikamsomea upana wa matrekta kutoka vitabuni. Kubwa lilizidi fundo kwa hatua nzima.

"Mzee," alimwambia baba, "hili kubwa tukilinunua litakuwa linauchungulia msitu kwa nje."

Kaka Leodgar alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo maana tukakuandikia utuletee dogo.

Na kweli lilitufaa. Magogo ya siku tatu kwa mabega ya watu liliyavuta asubuhi moja. Shida ikawa ule upinde. Njia ya msituni inapita kwenye michikichi ya bibi, na makuti yamening'inia chini. Kila safari upinde ulinasa, trekta likasimama. Dawa ilikuwa kukata makuti ya chini tu, basi. Lakini unajua bibi alimwachia shangazi Skolastika michikichi ile, na kwetu hukati kuti la mchikichi wa mwenzako mpaka uende kwake, ukae, unywe atakachokupa, ndipo uombe. Baba na shangazi hawajasalimiana tangu matanga ya bibi. Baba alisema haendi. Kaka alitaka kwenda badala yake, akakatazwa.

Jumamosi moja walikuja wazazi wa mchumba wa kaka, walitaka kuliona trekta. Mbele yao likanasa tena. Baba aliona aibu, akaagiza spana. Selestini akamwambia taratibu, "Mzee, upinde huu ndio nyumba ya dereva. Likipinduka, anabaki ndani yake."

"Nyumba ya dereva iko kambini," baba akajibu.

Wageni walicheka. Selestini naye akacheka kidogo, akaiweka spana chini na hakuishika tena. Baba aliufungua upinde mwenyewe. Mimi nilishika kopo la nati.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Kabla hajafungua nati ya mwisho, baba aliniambia nitazame kwenye kitabu cha maelekezo kilichokuja na trekta kama kuna kitakachoharibika. Nilikuta ukurasa wenyewe. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, hata mtoto wa kidato cha kwanza angekielewa: upinde usiondolewe, na bila upinde trekta lisifanye kazi penye mteremko, kwani dereva anaweza kufa. Nilielewa kila neno. Wakwe walikuwa wananitazama, na baba alikwisha kusema mbele yao. Msichana gani amsahihishe baba yake mbele ya wakwe?

"Kinasemaje?" baba akauliza.

"Kinasema tusisahau grisi," nikajibu.

Yaliyobaki unayajua nusu. Jumatano ile kaka ndiye aliyekuwa usukani. Ardhi ya mteremkoni ilikuwa mbichi, gurudumu la juu likapanda kisiki, trekta likalala ubavu kisha likageuka. Selestini alitia gogo chini ya trekta akalinyanyua kwa bega mpaka bega likateguka, lakini kaka alikuwa amekwisha kukata roho. Polisi walipouliza nani aliyefungua upinde, baba alilitazama trekta. Kisha akamnyooshea Selestini kidole. Sidhani alipanga. Nadhani hakuweza kuubeba mzigo ule wakati ule ule alipokuwa anambeba mwanawe. Selestini hakumtazama baba, alinitazama mimi, nami nikatazama chini.

Yuko mahabusu mpaka leo. Alhamisi mkewe alitoka kambini akaja hapa, akakaa uani na mtoto mgongoni. Tulidhani amekuja kuomba msamaha au kutukana. Alimuuliza mama kama marehemu ameshasomewa misa. Akanywa maji, akaondoka.

Baada ya hapo nilimweleza mama yote. Alilia, kisha akasema, "Andika. Usimwachie Mungu kazi yako."

Leo tulipotoka kanisani nilikichukua kile kitabu, nikamwomba baba nimsomee ukurasa ule. Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Ungeniambia siku ile." Akainuka, nikadhani amemaliza. Halafu akasema, "Nisingekusikia," akachukua jembe akaenda shambani, na leo ni Jumapili.

Hajasema atafanya nini siku ya kesi. Kaka nimeshampoteza. Nikisema, huenda nikampoteza na baba, kwa jela au kwa kutonisemesha tena maisha yake yote. Nikinyamaza, mtu aliyetupimia msitu kwa kamba atafungwa miaka, na mtoto wake atajua sisi ni watu gani.

Kwa hiyo njoo, Baba Mdogo. Useme ukweli wako, kwamba upinde ulikuwepo. Zaidi ya hapo usiseme usichokiona. Baba atapewa nafasi kwanza, maana ni mkubwa na namheshimu. Asiposimama, nitasimama mimi. Nakuomba ukae mahali ambapo nitaweza kukuona.

Msalimie mama mdogo, uwabusu mapacha. Shangazi Skolastika anakusalimu, na mama pia. Mungu akulinde safarini, na treni ikufikishe mapema.

Mimi mwanao akupendaye,

Honorata