Kitufe cha Nakubali

3 Machi

Kwa Binti yangu,

YAH: KUKATALIWA KWA SIMU YA PICHA

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, pamoja na mjukuu ambaye bado sijapata heshima ya kumwona. Sisi hatujambo, isipokuwa macho ya mama yako.

Jumapili tuliketi mbele ya kompyuta kwa wakati tuliopatana, mama yako akiwa amevaa gauni la kutokea. Mashine ikaandika kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, na kwamba simu ya picha haitapita tena mpaka uwekwe mfumo mpya. Simu ya mkononi haimfai, kwani humo haoni sura ya mtu. Kioo kikubwa cha kompyuta ndicho pekee kinachomsaidia, na daktari ameonya kuwa hata hicho hakitamfaa kwa muda mrefu. Jicho linaziba katikati. Dawa inachelewesha tu.

Naomba maelekezo kwa maandishi.

Baba


11 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, na mtoto mzima, ananyonya kama mwenye safari. Mshono bado haujapona, kwa hiyo kuja huko bado siwezi. Hiyo "YAH" yako imenichekesha mpaka mshono ukaniuma. Baba, mimi ni mwanao, si Mkurugenzi.

Maelekezo ni mafupi. Nakili kazi zako zote kwenye flashi. Kisha bonyeza palipoandikwa "Sakinisha". Yatakuja masharti marefu. Wewe teremka mpaka chini, bonyeza "Nakubali", uiache mashine ijizime na kujiwasha yenyewe. Basi.

Mwambie mama mjukuu wake anamngoja.

Mwanao


20 Machi

Kwa Binti yangu,

YAH: MASHARTI

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto. Pole kwa mshono.

Nimenakili na nimesakinisha mpaka kufikia masharti, na hapo nimesimama. Kazi yangu unaijua. Wajane, wapangaji na wastaafu huja mezani pangu niwaandikie maombi, na neno langu la kwanza kwa kila mmoja ni kwamba asitie saini asichokisoma. Kwa hiyo nimeyachapa masharti yote, nami ninayasoma ibara kwa ibara, kalamu mkononi. Ibara ya nne inampa mtengenezaji ruhusa ya kubadili mfumo "wakati wowote na kwa namna yoyote". Mpangaji akiniletea mkataba wa aina hiyo, nitamshauri akalale nje.

Fundi kompyuta wa mtaani alipita akaniambia, "Mzee, hayo hajawahi kuyasoma mtu tangu dunia iumbwe."

Nikamjibu kwamba basi mimi nitakuwa wa kwanza.

Mama yako akadakia, "Na mimi nitakuwa wa mwisho kuona."

Kauli hiyo sikuipenda, lakini naiwasilisha kama ilivyotolewa.

Baba


28 Machi

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Jumapili nilikaa na mtoto mbele ya simu mpaka akasinzia. Jumapili iliyotangulia ilikuwa hivyo hivyo.

Sibishani nawe juu ya ibara ya nne. Huenda haki yote ni yako. Lakini hao unaowabishia hawajui hata kama upo, na anayesubiri ni mama. Nimempigia nikamuuliza anaonaje, akasema "vizuri tu". Ni kweli? Niandikie ukweli, hata kama hautakaa vizuri kwenye sentensi.

Mwanao


19 Aprili

Binti yangu,

Nakusalimu, wewe na mtoto. Waraka huu nimeshindwa kuupa kichwa.

Uliuliza ukweli. Asubuhi moja mama yako alinimiminia chai, ikapita kando ya kikombe ikamwagika juu ya masharti. Nilikuwa ibara ya kumi na tisa. Hakujua. Aliendelea kumimina, akauliza kama inatosha. Nikamwambia inatosha. Nikainuka, nikabonyeza "Nakubali". Ibara zilizobaki sijui zinasema nini, na jambo hilo linanikosesha utulivu hata sasa.

Mashine ilishughulika kutwa nzima. Ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Mama yako aliketi kando yake kama anayeuguza mgonjwa, kila mara akiuliza, "Imefika wapi?"

Ya Jumapili uliyaona mwenyewe: alivyogeuza uso, akamtazama mtoto kwa pembe ya jicho kama asiyemwamini. Usidhani alikuwa na kinyongo. Katikati haoni tena. Pembeni ndiko kulikobaki. Ndiyo maana aliuliza, "Analia au anacheka?", nawe ukamjibu kwamba anapiga miayo.

Usiyoyaona ni ya baada ya kukata simu. Hakuinuka kitini. Akaniambia, "Bwana maneno, hebu nieleze alivyo, nisije nikawa nimekosea."

Maisha yangu yote nimewapangia watu maneno. Nilianza na paji la uso, nikaacha. Nikaanza na vidole, nikaacha. Mwishowe nikasema, "Mzuri."

Akasema, "Hilo nimeliona."

Jumapili ijayo mshike mtoto upande wa kushoto wa kioo, maana huko bado kuna mwanga. Usichelewe.

Baba