Nani Alisema Nilizaliwa Mupole

Siku ya pili ya juma, 4 Machi 2025

Mutu mupole! Njo jina nimepewa leo mbele ya walimu wote. Bwana Magloire, formateur wa kufundisha walimu, wa kutoka Lubumbashi, ametukalisha mu salle ya paroisse, kando ya kanisa, tangu asubuhi. Maswali, maswali: ukikasirika unafanya nini? Unapenda kusema ao kusikiliza? Kiisha akapita, akamwambia kila mutu yeye ni type gani. Bertin, mwalimu wa mwaka wa tano — type kiongozi. Minye — type mupole, mutu wa kutuliza wengine. Eti nilizaliwa vile. Wamepiga makofi. Na minye nikatabasamu! Njo kinaniuma kupita vyote.

Madame Fidélie, directrice, mukubwa wa shule yetu, alikuwa anafuata kila neno. Iko anatafuta mwalimu wa kumusaidia kuongoza masomo kuanzia Pasaka.

Siku ya tatu, 5 Machi

Majivu ya Kwaresima ku paji la uso. Bertin njo amepata ile kazi. Bertin! Mwenye batoto wa classe yake wanafika kwangu mu mwaka wa sita hawajui kugawanya.

Madame ameniita kando, mu couloir, na sauti ya sukari: "Josée, weye uko mutu muzuri, lakini hauna caractère ya kuamuru bantu. Hata test inaonyesha."

Nimejibu: "Asante, Madame."

Asante ya nini??

Magloire ametupa kazi ya nyumbani: kila mutu akumbuke utoto wake, aulize wazazi. Tabia ya mutu, anasema, inaonekana mbele hajaanza masomo. Sawa. Nitauliza.

Siku ya tano, 7 Machi

Nimetafuta mu kichwa. Kabla ya kupelekwa kijiji cha Mulungwishi sioni kitu. Pale tu, kwa tante Gertrude, dada ya mama: kufagia, kusali, kunyamaza. Wageni wakifika, tante ananishika bega: "Uyu mutoto, hata akiwa na njaa hasemake." Na nilikuwa najisikia mukubwa! Sifa gani ile? Hata kuku inalia ikiwa na njaa!

Siku ya posho (ya sita), 8 Machi

Naandika hivi hivi.

Nilienda kwa mama, mu commune ya Kikula. Ku barabara wanawake wanapita na pagne, kitenge cha sikukuu yao, wanaimba. Mama Mathilde alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamuuliza: "Mama, nilikuwaka mutoto wa namna gani?"

Akacheka mpaka akaacha mutwangio. "Weye? Kelele tupu! Baba yako akitoka ku kazi, unamuita tangu ku mulango, avenue yote inageuka. Ukikatazwa kitu, unajitupa mu vumbi!"

Minye? Minye huyu?

"Sasa ile kelele ilienda wapi, mama?"

Hapo akaacha kucheka. Akatwanga kidogo. Akaacha tena.

Njo akasema. Mwaka wa 1992. Papa Édouard alikuwa Muluba wa Kasai, fundi ku kiwanda; mama ni Musanga, wa hapa hapa. Walipoanza kufukuza watu wa Kasai huku, eti si wenyeji, papa alikimbilia ku gare pamoja na wengine, wanalala chini, wanangojea treni. Mama alinificha mu nyumba. Vijana wa fimbo wanapita na kuuliza: mutoto wa Mukasai iko hapa? Na minye ndani nalia, nataka papa, kwa nguvu, na kwa Tshiluba, luga ya papa! Mama akaniziba kinywa na mukono. Mukono haukutosha. Akafunga na kitambaa. Kesho yake tena. Na siku iliyofuata. Mpaka nikanyamaza mwenyewe, bila kitambaa. Kiisha akanipeleka Mulungwishi.

Papa alipanda treni. Malaria ilimumaliza kule Kasai, mu Mwene-Ditu, mbele hajatuita.

Hii yote najua leo tu! Niko mutu mukubwa na mvi! Siku zote waliniambia tu "papa alisafiri, akafa."

Nilipiga meza, sahani ikaanguka. "Ulinifunga kinywa kama mbuzi ya soko!"

Naye akasimama, mama yangu mwenye magoti mabaya. "Ulitaka nikuzike? Sema! Ulitaka nikuzike?"

Nimetoka bila kula.

Siku ya Mungu, 9 Machi

Sikuenda misa. Nimukasirikie nani? Wale vijana wa fimbo wamekuwa babu. Labda tunapokea komunyo mu mustari mumoja.

Siku ya kwanza, 10 Machi

Mukutano wa mwisho na Magloire. Anauliza nani amepata kitu mu utoto wake. Nikasimama. Sikungoja anipe neno.

Nikasema: sikuzaliwa mupole. Nilikuwa mutoto wa kelele, wakanifunga kinywa ili nisiuawe. Hii unaita type, haiko tabia. Ni kitambaa!

Bertin akasema: "Madame Josée, pole pole..."

"Weye nyamaza!"

Aa, jamani. Ilitoka tamu.

Madame Fidélie hakuona utamu. Nimemutukana mugeni, anasema. Kesho niombe radhi mbele ya wote, kama sivyo niache mwaka wa sita, niende kulinda wadogo wa maternelle. Mwalimu mwenzangu Orpha alikuwa analia kando. Yeye anakaa karibu na mama.

Siku ya pili, 11 Machi

Orpha amemwambia mama yote! Batoto wangu wanafanya hesabu, nami naandika haraka.

Mama iko mu bureau ya directrice. Amevaa pagne ya misa. Sikumuita, na hatujasemeshana tangu siku ya posho. Shule yote inamusikia: "Mutoto yangu haombe radhi! Munatafuta mwenye kosa? Niko hapa! Minye njo nilimufunga kinywa! Na mutu hata mumoja wa huu muji hakuniuliza sababu gani!"

Amekaa ku kiti, hataki kutoka. Sauti yake! Sikujua iko na sauti kama ile.

Bertin amekuja ku mulango wangu, jasho tupu. "Madame anakuita. Kuja umutulize mama yako. Weye njo unajua kutuliza bantu."

Nimemwambia: "Muache aseme."

Bado amesimama pale, anangoja. Batoto wameweka kalamu chini, wanasikiliza. Nimefungua madirisha yote.