Nimemfanya Baba Mkwe Aamini Anapofuka

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana roho yangu iko juu juu wiki ya tatu sasa, na aliyenifikisha hapa ni mimi mwenyewe na kidole changu.

Naishi na mume wangu kwa baba yake, mzee aliyefanya kazi miaka thelathini na minne ya kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji, na hata baada ya kustaafu watu bado wanamletea rasimu za vitabu vyao, naye huzipitia kwenye kompyuta yake ya zamani pale sebuleni, ile yenye sanduku kubwa chini ya meza na feni inayokoroma, na ubavuni ameibandika karatasi aliyoiandika mwenyewe, "Inafanya kazi. Iacheni." Fahari yake ni macho, mshauri. Kila mgeni lazima asimuliwe jinsi alivyowahi kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya nukta moja.

Mimi niko mapokezi ya zahanati, nachapa majina ya wagonjwa kutwa, basi hapa nyumbani nimepewa cheo cha mtaalamu wa kompyuta, na kusema kweli cheo kilinikaa vizuri nikakizoea. Siku hiyo mzee alikwenda kunyoa, nami nilitaka kuchapisha fomu yangu ya likizo, ule ujumbe wa kompyuta wa kudai sasisho la programu zake ukajitokeza tena ukisema mashine iko hatarini, nikaona mzee wa watu anaishi na hatari miaka yote, ngoja mtaalamu amsaidie, nikabonyeza kukubali. Ikazunguka weee, ikajizima, ikajiwasha, na ilipowaka herufi zilikuwa nene, zina ukungu kingoni, na ile picha ya marehemu mama mkwe kwenye skrini uso umepanuka kama amevimba. Nikazima nikawasha mara nne. Nikachomoa waya nikachomeka. Nikapakua programu ya bure iliyoahidi kutafuta draiva zote zilizopotea, ikaniletea maonyo mekundu kumi na saba na herufi zikabaki vilevile.

Mzee aliporudi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuungama, nakuapia. Alikaa, akavua miwani akaifuta kwa shati, akavaa, akaivua akaifuta tena, akasogea karibu, akarudi nyuma. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, macho yameanza kuniaga."

Nikasema, "Pole, baba."

Tangu siku hiyo mambo yanakwenda yenyewe. Alikwenda kupimwa, daktari akamwambia macho ni ya umri wake na miwani inamtosha, akarudi akisema wamemficha kwa kumwonea huruma. Gazeti haligusi, eti macho yaliyobaki anayaweka akiba kwa ajili ya nyuso za wajukuu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea nikitoka kazini, na kila ukurasa unanichoma. Juzi nilimkuta koridoni amefumba macho, mkono ukutani, anahesabu hatua kutoka kitandani hadi bafuni, na aliponisikia akacheka, akasema anajifunza mapema asije akatusumbua. Ni hatua kumi na tisa. Nilitoka nikajificha nyuma ya shuka nilizoanika, nikalia.

Mume wangu nilimweleza, akasema nirekebishe kimyakimya, mzee akiona vizuri atamshukuru Mungu nasi tutanyamaza. Lakini kurekebisha siwezi, na Jumapili mzee amewaita watoto wake wote awatangazie kwamba ameacha kazi, na rasimu ya kitabu cha mkunga mmoja mstaafu aliyoipitia miezi minane, bado sura mbili tu, nakala yake ya karatasi ameshaifunga kamba airudishe. Nifanye nini? Nikisema kweli, atanionaje mimi anayeniita mwanangu?

Mwenye Kidole Chepesi

MSHAURI ANAJIBU

Kidole Chepesi, pole sana. Na pole yangu inaishia hapo, kwa sababu pole ndiyo iliyokuponza.

Kubonyeza hakukuwa kosa la kumnyima mtu usingizi. Umebonyeza wewe, nimebonyeza mimi, na fundi aliyenisaidia kuandika jibu hili anasema wateja wake nusu nzima wamebonyeza. Kosa lako ni kumpa mzee wa watu rambirambi ya macho mazima, kisha ukakaa wiki tatu unamsomea gazeti.

Tuanze na mashine, maana hiyo ni nyepesi. Draiva ni kiprogramu kinachoielekeza kompyuta namna ya kuitumia skrini. Sasisho limeondoa ile ya zamani likaweka ya jumla isiyoijua skrini ya mzee, ndiyo maana herufi zina ukungu na mama mkwe amevimba. Kwanza nakili kazi zake zote kwenye flashi. Ifute hiyo programu ya maonyo mekundu, hiyo ni tapeli, na usipakue nyingine ya aina yake. Halafu fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta kifaa cha picha, uchague kurudisha draiva ya awali. Ikigoma, irudishe mashine nzima katika hali iliyokuwa nayo siku moja kabla ya sasisho. Na ikigoma tena, soma namba iliyobandikwa kwenye sanduku, ukachukue draiva yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwingineko. Mwisho weka ukubwa wa picha ule ambao kompyuta yenyewe inaupendekeza. Ukishindwa, mwite fundi. Cheo chako cha utaalamu kirudishe tu, hakuna atakayekililia.

Lakini usiguse chochote kabla hujamwambia. Mumeo amekupa ushauri wa mtu anayemwogopa baba yake. Mkirekebisha kimyakimya, mzee ataamini macho yake huenda na kurudi yenyewe. Yatakapougua kweli, na kwa umri wake yanaweza, atakaa nyumbani kuyasubiri yarudi. Hapo mtakuwa mmempofusha kwa mikono yenu.

Unauliza atakuonaje. Atakasirika, na ana haki. Huenda siku mbili asikuite mwanangu. Zivumilie, yeye amevumilia wiki tatu za kiza ambacho hakipo.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Leo ukitoka kazini usimsomee. Mpe ukurasa huu mkononi, mwambie, "Baba, hii barua ni yangu, naomba uisome mwenyewe." Usiuache mezani ukakimbilia jikoni. Kaa mbele yake. Herufi zetu ni ndogo, wasomaji wanatulalamikia kila wiki, na barua yako ni ndefu. Atakapofika mstari huu, atakuwa amejua mambo mawili: kwamba mkwe wake ni mwoga, na kwamba amesoma ukurasa mzima bila kuifuta miwani.

Mzee, shikamoo. Sura mbili za mkunga zinakusubiri. Fungua hiyo kamba.